Mgeni Aliyetuonyesha Ndege ya Niemba

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kwa sababu mbele hutacheka. Mimi si mtu wa kuona majini. Nilikuwa fundi wa gereji hapa Kalemie, na pombe sinywi. Haya yalinipata mchana, jua likiwaka, miaka ile ya Zaire tulipokuwa tukiitana sitoyeni, yaani mwananchi.

Mimi na Papa Shabani, dereva wa kamio, lori la mizigo, tulikuwa tunapanga safari ya kwenda kuangalia ndege za zamani. Majirani walitucheka. Nani, kwa shida ile ya mafuta, anachoma mazuti kwenda kutazama vyuma? Papa Shabani alizipenda tu, kama wengine wanavyopenda mpira. Alitaka tuanze na ile ya kutua majini, iliyolala ufukweni karibu na Kabimba, halafu tuzunguke hadi Kabalo, ambako walisema kuna mabaki ya ndege ya mizigo. Mimi nilikuwa na langu moyoni. Kaka yangu Alimasi alipanda ndege ya mizigo wakati wa vita, mimi nikiwa bado mtoto wa mgongoni, na ndege hiyo haikufika. Mama hakuwahi kuondoa matanga. Kwetu mama hanyoi nywele za msiba mpaka aletewe hata konzi ya udongo wa pale mwanawe alipoangukia. Nilitaka kumletea udongo huo, apumzike.

Basi, tumekaa uani, tumechora njia yetu kwenye mfuko mtupu wa simenti, mara kijana mmoja akabisha hodi. Alivaa nguo za kazi, amechoka. Tukamkaribisha. Mgeni haulizwi jina kabla hajashiba, ndivyo tulivyolelewa, nasi tukamwita sitoyeni, yakaisha. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akamnawisha mikono, akampa bukari, ugali wetu, na samaki wa mgebuka, nami nikala naye sahani moja. Alikula kidogo sana. Kisha akainama juu ya mchoro wetu, akaweka kidole nyuma ya Niemba.

"Iko ndeke ingine hamukuandika," alisema. "Njo hapa, mu mianzi. Muanze na hii."

Akamwomba mama amfungie samaki aliyebaki, atamla mbele ya safari. Mama akamfunga kwa jani la mgomba na kamba ya gome, kwa fundo lile lake la kukaza mara mbili ambalo sisi watoto lilitushinda kulifungua. Kijana akashukuru, akatoka. Hata jina hatukupata, kwa adabu zetu.

Alfajiri tukashika njia ya Niemba. Niamini, mianzi ile tuliifyeka kwa panga ndipo tukapita, na hapakuwa na alama ya mguu wa mtu. Ndege ilikuwa humo ndani, mlango umekazwa na mizizi. Tukaukata. Kwenye kiti kulikuwa na jani la mgomba, bado bichi, fundo la mama halijafunguliwa. Nililipasua. Ndani ilikuwamo mifupa ya samaki mitupu, imesafishwa vizuri.

Papa Shabani alisoma dua, akarudi kwenye kamio bila kugeuka. Mimi nilichota udongo nikilia. Sikuogopa. Nilikuwa nimekula sahani moja na kaka yangu, na sikumjua.

Nyumbani nilimweleza mama yote, hata ile mifupa. Nilidhani atalia, kisha atatafuta wembe. Aliupokea udongo kwa mikono miwili, akaenda kuumwaga kwenye tuta la mihogo.

"Muntu mwenye alikula kwangu," alisema, "namna gani nitamulilia?"

Hakunyoa mpaka alipoingia kaburini. Kila jioni alimwekea Alimasi samaki wake pembeni, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Nawe unayetafuta mtu wako aliyepotea, mgeni akibisha hodi kwako, muulize jina kabla hujamnawisha. Atakuona huna adabu, na akuone hivyo hivyo. Mama tumemzika. Juzi mke wangu aliniuliza kama sasa aache kupika samaki yule.