Kurasa Mbili Alizozigandisha Gundi

Karakana ya kukarabati vitabu ilikuwa chini kabisa ya jengo la nyaraka, na fundi wake aliitwa Gundi. Makarani wa ghorofani walimpa jina hilo kwa sababu hata ukipeana naye mkono ulinata. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akipika uji wa wanga, akipaka karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kuziba matundu ya mende katika vitabu vya watu waliokwisha kufa. Ukimwuliza habari za siasa alikujibu, "Mimi na mende wangu tu, ndugu."

Kwa hiyo Profesa alipomletea kitabu kikubwa chenye jalada la kijani, hakushtuka. Profesa alikuwa mama mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Kila Jumamosi alizungumza redioni juu ya ubaguzi wa rangi, na jinsi wakoloni walivyopima watu vichwa ili waseme nani ana akili na nani hana. Wapo waliompenda, wapo waliomwandikia barua za matusi. Majuzi alikuwa ametaja ukoo wa mnyapara mmoja wa enzi hizo, na kesho yake duka la wajukuu wa mnyapara likakutwa limepakwa kinyesi mlangoni. Profesa alisema redioni kwamba hakutaka hayo kabisa, na nadhani alisema kweli. Lakini mlango ulikuwa umeshapakwa.

"Hiki ndicho walichoandikia vipimo," alimwambia Gundi. "Alhamisi nakiweka ukumbini, watu waje watafute wazee wao. Kurasa za mwisho sijathubutu kuzigusa, zinavunjika. Karani aliyeandika lazima atakuwa ametia sahihi mwishoni. Nikimjua, namtaja."

Alipoondoka, Gundi alikifungua taratibu. Kila mstari ulikuwa na namba, umri, upana wa kichwa, na pembeni kishungi cha nywele kilichobandikwa. Mwisho wa kitabu akaikuta sahihi. Ilikuwa na mkia uliorudi nyuma na kujizungusha mara mbili, na Gundi aliijua tangu utotoni, kwani ndiyo iliyokuwa chini ya picha ya babu yake pale sebuleni. Jasho jembamba likamtoka, akakifunika kitabu upesi kana kwamba kuna mtu anachungulia.

Jioni hiyo nyumbani aliisukuma sahani kando.

"Mama, hivi babu alikuwa akifanya kazi gani hasa?"

"Si nimeshakwambia mara mia? Karani wa afya! Alichanja watoto wa wilaya nzima. Mpaka leo wapo watu wazima wanaoishi kwa sababu ya mkono wa baba yangu." Mama yake, mwenye miaka sabini na sita na presha isiyotaka mchezo, aliipangusa picha kwa upindo wa kanga. "Mbona umesawajika hivyo? Umeona nyoka?"

"Nimechoka tu, Mama."

Akautazama mlango wa nyumba yao. Mawazoni akaona kinyesi. Akamwona mama yake ameinama na ndoo, majirani wamesimama ng'ambo wamejishika viuno. Usiku huo usingizi ukampaa.

Jumatano akafanya jambo ambalo fundi peke yake angeliweza. Alipaka uji kurasa mbili za mwisho zilizotazamana, akazikutanisha, akazilaza chini ya mawe ya kukandamizia. Kazi safi, hata mende asingeshtukia.

"Za mwisho zimegandana, Profesa. Unyevu huo. Nikilazimisha zitachanika."

"Basi ziache." Wala hakumtazama mara mbili. Kwa miaka ishirini na sita Gundi hakuwahi kumdanganya mtu pale, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Gundi alisimama kando ya kitabu, maana huko kwao ukurasa haugeuzwi na mkono mwingine ila wa fundi. Kila mtu aliyesogea mezani alimkata maini. Ndipo akaja bibi mmoja wa miaka themanini, akitembelea fimbo, akaomba atafutiwe kaka yake. Walimkuta, namba mia na kumi na nane, mstari wa mwisho wa ukurasa.

"Mimi nilimfuata kwenye foleni," bibi akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Geuza, mwanangu."

"Zimegandana, bibi."

"Pole sana, bibi," Profesa akaongeza. "Ni unyevu."

Bibi aliikaza fimbo yake. "Basi tena. Wanangu husema niliota. Nilitaka waone kwamba sikuota." Akageuka, na fimbo yake ikaanza kugonga sakafu kuelekea mlangoni.

Gundi aliyahesabu yale mapigo ya fimbo. Alimwona mama yake na ndoo, akaona picha imeshushwa ukutani, na bado mdomo wake ukafunguka.

"Bibi, subiri. Nileteeni maji ya vuguvugu."

Alilowesha ukingo kwa brashi. Uji wa jana ulilegea kama usiokuwa na ubishi, na Profesa akamkazia macho.

"Gundi, huu ni unyevu gani?"

Kurasa zikaachana. Mia na kumi na tisa: msichana, miaka sita, alilia, alishikwa. Pembeni palikuwa na kishungi chembamba cheusi. Chini kabisa, sahihi yenye mkia.

"Ya nani?" Profesa aliuliza.

"Ya babu yangu." Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nyumbani tunaambiwa alikuwa akichanja watoto."

Bibi alirudi mezani, akasogeza uso karibu na karatasi.

"Hata sisi alituambia hivyo hivyo," akasema. "Anakuja kutuchanja." Kisha akagusa kile kishungi, ambacho uji wa Gundi ulikuwa umekinasa nusu kwenye ukurasa wa pili. "Nitolee nywele zangu. Polepole, mwanangu. Yeye alikuwa na haraka."

Gundi akachukua brashi. Brashi ikaning'inia juu ya karatasi bila kushuka, ikabidi bibi amshike kifundo cha mkono ndipo aweze kuanza.