Moteri Iliyokufa Kila Dakika Kumi

Niseme mapema: ile moteri ya mtumbwi aliyotuachia Papa, baba yetu, niliiponya mimi, na hakuna mtu Goma nzima atakayeninyang'anya hilo. Mafundi watatu waliishika kabla yangu. Wa kwanza, wa Birere, alibadilisha bujii, ile plagi ya kuwashia moto. Wa pili alifungua kabureta, akaiosha, akairudisha. Wa tatu hakuosha kitu. Alikunja mikono akasema pompu ya esanse, yaani ya petroli, imekufa, na kwamba moteri ya umri ule inastahili kupumzika.

"Pumzika wewe," nilimjibu. Hasira yangu haichelewi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Kwa fundi, ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji na kunywa esanse kutoka kwenye chupa ya fundi mwenyewe, ilinguruma vizuri kabisa. Tukiipeleka ziwani, dakika kumi tu, inakohoa, inazima. Ukingoja kidogo, inawaka. Dakika kumi tena, inakufa. Mara mbili tulivutwa na mitumbwi ya wengine mpaka ufukoni, mimi nimekaa kati ya mikungu yangu ya ndizi kutoka Minova, abiria wananitazama kama mimi ndiye niliyeizima.

Kaka yangu mkubwa alichoka. Alitafuta mnunuzi, papa mmoja, mzee wa asili ya Butembo mwenye mitumbwi yake, wakapatana aje Jumamosi. Nilipoambiwa nililia kwa hasira, palepale uani kwetu, mtaa wa Mapendo. Moteri hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na watoto wangu. Bila hiyo ningerudi kubembeleza nafasi kwenye mitumbwi ya watu, na ndizi zangu zingeivia ufukoni.

"Yaya, nipe siku moja," nilimwomba, maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

"Siku moja itafanya nini? Biashara imeisha."

Jumamosi mnunuzi alitaka kwanza kuisikia ikiwa majini. Tukaingia watatu: kaka nyuma ameshika moteri, papa yule katikati, na mimi ambaye hakuna aliyenialika. Nilikuwa nimeapa kukaa karibu na moteri na kutoiondolea jicho. Dakika kumi. Ikakohoa. Ikafa.

Kaka akavuta kamba ya kuwashia, akavuta, akavuta, jasho likamtoka. Mimi nikashika kile kipira kilicho katikati ya mrija wa esanse, kile unachokamua kwa mkono kabla ya kuwasha. Kilikuwa kimenywea, tumbo limeshikana na mgongo.

"Acha kuvuta, yaya!" nikamwambia. "Pompu haijakufa. Ingekufa, hiki kipira kingebaki kimejaa. Moteri inavuta mpaka inashindwa. Kuna kitu huku nyuma kinakataza esanse isitoke."

Nikaufuata mrija kwa kidole. Haukukunjika popote. Nikafika kwenye bidoni, dumu la esanse, lililokuwa chini ya ubao, limefunikwa turubai. Nikaondoa turubai. Mamawe! Mbavu za bidoni zilikuwa zimeingia ndani. Nikalegeza kifuniko: fyuuu, bidoni ikavuta pumzi, na mbavu zikarudi kwa kishindo mpaka mnunuzi akaruka.

Chini ya kifuniko kulikuwa na sashe, plastiki ya chumvi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa imeziba kile kitundu cha kifuniko ambacho Papa alikitoboa kwa msumari wa moto ili hewa iingie. Sashe hiyo niliijua. Niliiweka mimi, kwa mikono yangu, mvua zilipoanza, ili maji yasiingie kwenye esanse. Hapa kwetu nani hafanyi hivyo? Iwe mafuta ya kupikia, iwe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, bidoni yoyote unaiwekea sashe mdomoni ndipo unaifunga.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ningeweza kuitupa ziwani kimyakimya, maana wenzangu walikuwa wamerudia kuitazama moteri. Lakini Papa hakunilea hivyo.

"Ni mimi niliweka hii," nikasema. "Nimeinyima pumzi. Mafundi watatu wote wale, kumbe ni mimi."

Kaka alifungua kinywa, na matusi yaliyokuwa yanakuja nayajua. Sikumpa nafasi. Nikafunga kifuniko bila sashe, nikakamua kipira mpaka kikawa kigumu, nikamwambia avute. Mara moja tu, ikawaka. Tukaenda dakika kumi, ishirini, nusu saa, mji ukawa mdogo nyuma yetu. Nikaanza kuimba, ndiyo, kuimba, kwa hii sauti yangu mbaya. Sijawahi kujivunia nafsi yangu kama siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Mnunuzi alikuwa ameiokota ile sashe, anaigeuzageuza.

"Mama," akasema polepole, "mimi niko na moteri mbili zimelala ku nyumba. Zote zinazimaka vile vile."

"Na kwenye kifuniko, papa?"

"Sashe," akasema, na aibu ikamjaa usoni. Nikacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Lakini hakuwa mjinga katika biashara. Alikuwa ameshaisikia moteri yetu. "Hii ninaichukua leo," alimwambia kaka yangu, "na bei naongeza."

Nikasema mimi, bila kuulizwa: "Zako nitakuja kuziangalia Jumatatu. Hii haiuzwi."

Papa yule akamgeukia mwanaume wa familia, kama ilivyo desturi. "Mukubwa, wewe unasema nini?"

"Umesikia," kaka akasema. "Fundi ameshajibu."