Mawe Yangu ya Mazoezi Yamepelekwa Kusagwa

Ndugu zangu wa Katoro, leo nimeporwa mawe.

Si dhahabu. Mawe.

Keshokutwa nina usaili wa wapagazi wa kambi ya uwindaji. Kwa sababu hiyo, kila asubuhi hupanda kilima chetu nikiwa na kiroba cha mawe mgongoni.

Leo jirani yangu Baba Kulwa alinizuia njiani.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Achana na shikamoo yako! Nani hubeba mawe bure? Umepata mwamba wa dhahabu, unatuficha!"

Nikamweleza, kwa lugha fasaha, kwamba ni mazoezi. Akaninyang'anya kiroba, akakipeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yakasagwa. Hayakutoa kitu.

Je, mnadhani aliomba radhi?

"Yenye dhahabu umeyaficha wapi?"

Hivi sasa amejaza watu wenye sururu kilimani, wanachimbua njia yangu. Nikiukosa upagazi, Baba Kulwa, usithubutu kuja kunipa pole.