Nimemzimia mtaalamu maiki, na sijutii

Leo mtu kamwambia mama wa watu "rudi jikoni", tena hewani, na kwenye mitambo nilikuwa mimi.

Niko redio moja ndogo hapa Kilosa. Mchana tulikuwa tunakumbuka nyimbo zilizotamba Uingereza mwaka 1984. Mgeni wetu ni jamaa wa Morogoro, eti mtaalamu wa muziki. Kiburi mpaka kwenye miwani! Akasema wimbo tuliotoka kuupiga ulishika namba moja kule.

Akapiga simu mama mmoja wa Kimamba.

"Mwanangu, huo wimbo haukufika namba moja, uliishia namba mbili. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, tukisikiliza chati za Uingereza kila wiki redioni, mimi naandika kwenye daftari. Ninalo hapa."

Mtaalamu akacheka. "Mama, wewe wa mkonge utajua nini? Rudi jikoni."

Mtangazaji naye akacheka!

Kwenye simu nikasikia mama anafunua kurasa.

Jamani, nilishusha maiki zao zote mbili. Nikawasha yangu: "Shikamoo mama. Tusomee hilo daftari."

"Marahaba."

Akaanza Januari, sauti inatetemeka. Kufika Machi anaimba kabisa!

Mtaalamu anagonga kioo kinachotenganisha studio na mitambo, kama kichaa. Mtangazaji akatafuta kwenye simu yake, uso ukamshuka. Mama alikuwa sahihi.

Meneja kanipigia sasa hivi: kesho nisije.

Sawa. Ila kama na wewe ungecheka pale, sema hapa kwenye komenti, halafu ujitoe mwenyewe kwenye marafiki zangu.