Bi Thuwaiba na Radhi ya Mfungo Saba

Bi Thuwaiba ana mdomo, na hili tuliseme mapema kabla hatujampamba. Akiingia nyumba ya mgonjwa hapigi hatua tatu ila keshauliza kwa nini dirisha limefungwa, nani kamlaza mzee chali tangu asubuhi, na hao wageni kumi na mbili waliojipanga ukutani wamekuja kutazama nini. Mitaa yote ya Ng'ambo wanamjua. Wanamwogopa kidogo, lakini wakiuguliwa na mtu asiyetarajiwa kupona, yeye ndiye wanayemwita.

Ni muuguzi, na kwa miaka kumi na minne sasa anazunguka majumbani kuwahudumia wale ambao hospitali haina tena la kuwaponya. Mkobani ana glavu, pamba, mafuta ya nazi na chupa ya morfini ya maji, dawa ya maumivu makali. Hiyo morfini ndiyo inayomgombanisha na walimwengu, maana kila nyumba ina shemeji mmoja aliyesikia kwamba inaua. Bi Thuwaiba humketisha shemeji huyo, humwonyesha kipimo, kisha humkabidhi yeye mwenyewe kazi ya kumpa mgonjwa. Hajapata kushindwa.

Mwaka jana, Mfungo Saba, mwezi wa saba tangu Ramadhani kuisha, aliitwa Michenzani kwa Mzee Shaame, seremala mstaafu ambaye saratani ilikwishamwingia mifupani. Mtoto wake, Khatib, alimpokea ngazini.

"Shikamoo, Bi Thuwaiba. Mzee hajui kama hatoinuka. Na mama kasema asiambiwe."

"Marahaba. Sitamwambia. Lakini akiniuliza, sitamdanganya."

Mzee hakumuuliza. Wiki ya pili, mkewe Bi Mize alipokuwa jikoni akikoroga uji, mzee alimshika Bi Thuwaiba mkono. "Daktari," alisema, maana alikataa katakata kumwita muuguzi, "mie nnajua kuwa nnakwenda. Usimwambie Mize. Atavunjika."

Siku hiyo hiyo, jikoni, Bi Mize naye akamnong'oneza. "Mwanangu, nnataka radhi ya mume wangu. Akiondoka hajaniwia radhi, mie n'tasimama wapi mbele ya Mungu? Lakini nikimuomba, si atajua?"

Basi wazee wawili wanapendana, wanalala chumba kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, na funguo anazo mgeni aliyekatazwa asifungue! Bi Thuwaiba alikasirika, na alipomaliza kukasirika aliwaonea huruma. Siku tatu alikuwa hana raha. Kisha akakumbuka kwamba Shaabani ikiisha, Ramadhani ikikaribia kuingia, watu hutakana radhi mji mzima, mzima kwa mgonjwa, na hakuna anayeambiwa anakufa. Kasoro ilikuwa moja tu: Ramadhani ilikuwa bado miezi mitano.

Hakujali. Alipomaliza kumgeuza mzee na kumwekea mto katikati ya magoti, akasema kwa sauti, "Mzee Shaame, Ramadhani hiyo iko mlangoni. Nimekuvutavuta sana, nimekuumiza. Niwie radhi."

Mzee alimtazama. Kisha akamtazama mkewe, aliyesimama na kikombe cha uji. Mtu aliyesali maisha yake yote hafundishwi mwezi gani huu.

"Naam," alisema polepole. "Safari hii imewahi."

Bi Mize aliweka kikombe, akapiga magoti, akaomba radhi kwa maneno makali aliyomrushia na kwa siku alizonuna. Mzee alimpa zote kabla hajamaliza kuzitaja. Bi Thuwaiba alianza kufunga mkoba wake, na tuseme kweli, alikuwa anajiona hodari.

"Na mie, Mize," mzee akasema. "Ulipoomba chuo cha ualimu, enzi za ujana wetu, barua ilikuja. Ulichaguliwa. Niliichoma, nikakwambia hukupata. Nilichelea utaniacha. Niwie radhi."

Bi Mize aliinuka, akachukua kikombe chake, akaenda zake jikoni.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Kipimo cha morfini kilikuwa kile kile, lakini mzee hakutulia. Bi Mize alimwosha, alimgeuza, alimlowesha midomo kwa pamba, radhi hakuitaja. Bi Thuwaiba hakupata usingizi. Yeye ndiye aliyelifungua jambo hili, na mzee angeweza kuondoka wakati wowote bila radhi aliyoiomba. Siku ya tatu aliingia jikoni maneno yamempanda mpaka kooni: msamehe, mama, hakuna wakati. Akauona mgongo wa Bi Mize, ameinamia sinia ya muhogo. Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akayameza. Akachukua kisu, wakamenya pamoja.

"Nilidhani mie mjinga," Bi Mize alisema hatimaye. "Wanangu nimewafundisha kusoma mwenyewe, na kila siku nikijiambia, tazama, mjinga anafundisha."

Akanawa mikono, akaingia kwa mumewe, akafunga mlango. Sauti yake ilisikika muda mrefu, mara juu, mara chini. Khatib alitaka kuingia. Bi Thuwaiba alisimama mlangoni akamwambia thubutu. Mlango ulipofunguliwa, mzee uso umelowa machozi, na mkewe anamfuta kwa upindo wa kanga.

Alifariki Ijumaa asubuhi, kichwa kiko mapajani kwa Bi Mize, Khatib akimtamkia shahada sikioni.

Kazi ya Bi Thuwaiba haiishii makaburini, maana huwa anawarudia waliobaki. Mwezi wa pili wa eda alimkuta Bi Mize amepungua lakini anakula, na mdomo ukamwasha tena.

"Mama, kwa nini hukumpa siku ile ile? Angepumzika mapema. Na kama angekufa kesho yake?"

"Nilikuwa nnaogopa hilo kila dakika," alisema Bi Mize. "Lakini siku ile ningempa ya mdomoni tu, nami moyoni nnawaka. Alinificha miaka arubaini na sita. Nami nimfiche anapokufa?"

Bi Thuwaiba alimkumbatia, wakalia wote wawili.