Tomasi na Marais wa Watu

Katika mji wa Kilosa hakuna aliyewajua marais wa Marekani kama Tomasi Paulo. Miaka ishirini na sita alihudumu mezani katika hoteli moja ya Mikumi, akiwaandalia wageni chai kabla hawajaenda kutazama tembo. Na Mmarekani mmoja alipomwachia kitabu cha marais wao, alikisoma kwa msaada wa kamusi hata jalada likabanduka. Akimimina kahawa, aliwataja kwa mfuatano, kila mmoja na mahali alipozaliwa, na wazee wake walikotoka. Aliyempenda kuliko wote alikuwa wa nane, Van Buren, ambaye lugha ya kwanza kinywani mwake ilikuwa Kiholanzi, Kiingereza akajifunza baadaye.

"Taifa halimuulizi mtu alianza kulia kwa lugha gani," Tomasi alizoea kuwaambia wageni, nao wakipiga makofi.

Mwaka huu, Tomasi akiwa mjane wa miaka sitini na minane, binti yake Fausta alipata kazi ya uuguzi, akatakiwa aripoti Jumatatu pamoja na kitambulisho cha taifa. Fomu ya kitambulisho iliuliza babu mzaa baba alizaliwa wapi, na kwa watu gani. Fausta hakujua. Akamchukua baba yake mpaka ofisini.

"Shikamoo, mzee," alisema karani.

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa pamebaki wazi. Baba yako alizaliwa wapi?"

"Alikuja kukata mkonge, Kimamba."

"Alikozaliwa, mzee, si alikofanya kazi."

Tomasi akainama juu ya fomu. Nyuma yake kwenye foleni alisimama dereva wa bodaboda aliyemfahamu. "Muulize habari za Lincoln, dada. Huyu atakutajia mpaka kitanda alichozaliwa." Foleni ikacheka, na Tomasi naye akacheka kwa mazoea, kisha akaacha.

"Siwezi kuandika kwa kubahatisha," karani alisema kwa upole. "Tafuteni ndugu mkubwa anayejua, mrudi kabla ya Ijumaa."

Nje, Fausta alimshika mkono. "Tuandike Kilosa, baba. Nani atabisha?"

"Ni kiapo, Fausta. Mungu ndiye shahidi wake."

Yalikuwepo aliyojua, wala hayakuwa mengi. Marehemu baba yake, Paulo, aliletwa mashambani akiwa kijana, pamoja na manamba wengine, wale vibarua wa mkataba waliotoka mbali. Watoto wa Kimamba walimzomea Tomasi kwa neno hilo, "mtoto wa manamba", na siku aliporudi nyumbani akilia, baba yake aliapa kwamba mlango ule hautasikia tena lugha nyingine ila Kiswahili. Akatimiza. Nchi nayo ilikuwa ikifundisha kwamba sote tu watu wamoja, na Tomasi akakua akiona fahari kwamba hakuwa na kabila la kutaja.

Lakini Paulo alipozeeka alimfuata mwanawe Mikumi, kifua kikimbana, akaketi kibarazani. "Tomasi, keti nikutajie watu wetu."

Kitabu kilikuwa mapajani mwa Tomasi, naye alikuwa bado hajawashika vizuri marais wa mwisho. Jumamosi wangefika wageni kumi na wawili. "Kesho, baba."

Mzee alimwita jioni ya pili, na ya tatu. Ya nne hakuita. Wiki haikuisha, wakamzika.

Alibaki mtu mmoja tu wa kizazi cha baba yake: shangazi Hildegarda, mdogo wake Paulo, aliyemfuata kaka yake huku na sasa aliishi katika kijiji cha Tindiga. Alhamisi asubuhi Tomasi alipanda bodaboda, akavuka majaruba ya mpunga, akamkuta bibi kizee juu ya mkeka, amepofuka, Agatha mjukuu wake akimlisha uji.

"Shikamoo, shangazi. Ni Tomasi, wa kaka yako Paulo."

Aliposikia jina la Paulo, uso wake ukanawiri. Akamshika mpwa wake viganja vyote viwili, akaanza kunena. Alinena hata jua likapita utosini: akahesabu kwa vidole, akaonyesha upande, akacheka, akaimba kidogo, akalia. Wala hapakuwa na neno moja la Kiswahili.

"Anasema nini?" Tomasi alimnong'oneza Agatha.

"Sijui, baba. Tangu Kwaresima Kiswahili kimemtoka chote. Waliokuwa wakielewana naye tumekwisha kuwazika."

"Ni lugha gani?"

"Hata jina lake hakutuambia. Alisema ni aibu."

Tomasi aliendelea kukaa. Alitikisa kichwa pale bibi alipotua, kama atikisavyo mtu anayeelewa, maana hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Kila alilolitaka lilikuwa likimwagwa mbele yake, asiweze kuokota hata moja.

Alasiri Fausta alikuwa akimngoja mlangoni, fomu mkononi, kalamu tayari. "Amesema wapi?"

Majina ya vijiji yalimjia Tomasi ulimini, mazuri, yanayoaminika. Akayameza.

"Amesema yote, mwanangu. Mimi ndiye ambaye sikuelewa."

Fausta alifunika kalamu. Hakulaumu wala hakulia. Alimtazama tu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Lakini baba, miaka yote ile, wewe na babu mlikuwa mnazungumza nini?"

Tomasi alitaka kumjibu kweli.

"Tulikuwa tunaamkiana," akasema.