Mama wa Mpelelezi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini, kampuni iliyochapa vitabu vya mpelelezi niliyempenda iliwaalika wasomaji wamwandikie kisa kipya, nayo ingekichapa. Nikajaza madaftari mawili, nikayatuma kwa posta ya Tengeru.

Kwenye kisa changu jambazi anakimbilia huku Meru. Mpelelezi anamfuata, ila kwanza anapitia kwa mama yake, anamwamkia, anakula ndizi, anaongezewa sahani, na jambazi anatoroka.

Madaftari yalirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: “Mpelelezi wetu hana mama.”

Nilifura kwa hasira. Huku kwetu nani anapita mlangoni kwa mama yake bila kuingia, hata kama anakimbiza jambazi?

Halafu nikalia. Mama yangu tulishamzika migombani. Mle daftarini tu ndimo alimokuwa bado ananipakulia.